Kiapo cha Dakika Sita

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwaachia birika la kahawa likiwa bado hewani. Leo nawaambia lilipoangukia, maana yote yaliyotupata baadaye yalianzia hapo.

Liliangukia kwenye sinki.

Nalitaja mapema kwa sababu mahakamani nilisema vingine.

Kwa aliyeanza kusoma leo: naitwa Marit. Wakati ule nilikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa Wisconsin, na mama yetu, Borghild, alikuwa anakufa kwa saratani ya ini shambani alikoolewa, maili tisa kutoka mjini. Aliishi na ndugu yangu Arvid, ambaye hakuwahi kuoa. Arvid ndiye aliyemlisha, akamwogesha, na asubuhi na jioni akakamua ng'ombe thelathini na wanane. Mimi nilitaka mama ahamishiwe nyumba ya wagonjwa mjini. Arvid alitaka afie kitandani kwake, mahali anapowasikia ng'ombe.

Daktari alikuwa amempa wiki mbili.

Tulibishana siku tatu. Siku ya tatu, Jumatatu, nilimwambia Arvid kuwa hamng'ang'anii mama kwa mapenzi, anang'ang'ania kuitwa mtoto mwema. Ndipo akalirusha birika. Sinki liko kushoto, mimi nilikuwa kulia, karibu na friji. Kahawa ikarukia mkono wa sweta yangu. Haikuniunguza. Ilikuwa ya alfajiri, imeshapoa.

Halafu akasema samahani, akachukua tambara, akafuta sakafu.

Kesho yake nilimsimulia Trudy, mwenzangu wa jikoni pale shuleni. Trudy aliwahi kuomba amri ya mahakama ya kumtoa nyumbani mume wake wa kwanza na kumkataza asimkaribie wala kusema naye, na yule kweli alikuwa mtu wa kuogopwa. Trudy akaacha kumenya viazi, akanieleza njia nzima kama mtu anayekuelekeza dukani.

"Unaingia asubuhi, unatoka kabla ya chakula cha mchana. Yeye hawamwiti. Watamwita baada ya siku kumi na nne, aje ajitetee. Ila usiende kule na 'labda' zako na 'nadhani' zako, mwenzangu. Wakikuuliza unaogopa, unaogopa. Ukisitasita watakurudisha nyumbani."

Siku kumi na nne. Nilizisikia vizuri. Sikuzilinganisha na zile wiki mbili za daktari. Au nililinganisha, nikajifanya sijui. Mpaka leo sina hakika, na ndiyo maana naandika.

Nilienda siku ile ile. Mahakama ya kaunti ilikuwa na tangazo mlangoni: Ijumaa ofisi zitafungwa mapema, Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa. Karani, msichana aliyeitwa Roxanne, alinipa fomu na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo.

Fomu iliuliza ninaishi wapi. Nilikuwa nimelala kwenye kochi la mama usiku tatu. Nikaandika anwani ya shamba.

Fomu iliuliza kama mlalamikiwa ana silaha. Kabatini kulikuwa na bunduki ya baba, na haikuwa imetoka humo tangu baba afe. Kwenye kaunti yetu nyumba pekee isiyo na bunduki ya kuwindia ni ya mchungaji, naye ni kwa vile huazima. Nikatia alama kwenye "ndiyo".

Fomu iliuliza alinifanyia nini. Nikaandika kwamba alinirushia birika la kahawa.

Fomu haikuuliza nani mwingine yumo ndani ya ile nyumba. Hapakuwa na mstari wa kuandika mgonjwa, wala wa kuandika ng'ombe.

Kamishna wa mahakama siku hiyo alikuwa Bi. Hartwig, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mezani kwake palikuwa na mafaili kumi na moja. Langu lilikuwa la saba. Aliniambia ninyanyue mkono wa kulia, nikaapa.

Akauliza kama birika lilinipata. Nikajibu kwamba kahawa ilinipata. Akaandika.

"Unaogopa kurudi nyumbani kwako?"

Nyumbani kwako. Aliitaja hivyo nyumba ya Arvid, kwa sauti ya huruma kabisa, na mimi sikumsahihisha.

"Naogopa, mheshimiwa."

Akasaini. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika sita. Sijawahi kumlaumu. Mbele yangu alikuwa ametoka binti mwenye jicho lililofumba kwa uvimbe, na angeanza kuwatilia shaka watu wa aina yangu, angemtilia shaka na yule. Roxanne akanipa nakala, bado ina joto la mashine.

Aliyetumwa kumpelekea Arvid ile amri ni Duane Ostby, askari wa kaunti. Yeye na Arvid walipata kipaimara Jumapili moja, wamevaa tai za kufanana. Alimkuta bandani, jioni, katikati ya kukamua; mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Arvid aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye anwani yangu aliirudia, nikaona midomo yake ikitembea. Akamwomba Duane amruhusu amalize wanne waliobaki. Duane akatazama saa, akakaa juu ya ndoo, akasubiri.

Arvid alitoka na viatu vya akiba, wembe na koti. Amri haikumruhusu kusema na mimi, kwa hiyo alisema na Duane huku mimi niko pale pale.

"Mwambie atakayekamua, Dagny ana kidonda kwenye chuchu ya nyuma, kushoto. Asimtie mashine. Amkamue kwa mkono, taratibu."

Duane akanigeukia, akayarudia yote, kama mkalimani. Nikajibu nimesikia. Duane akamwambia Arvid kuwa nimesikia.

Ndugu yangu akapanda gari, akaondoka.

Usidhani nilijuta usiku ule. Nililala. Niliwaza kwamba kesho nitaita gari la wagonjwa, mama ahamishwe, na amri ikiisha Arvid atakuwa amepoa. Lakini asubuhi muuguzi alimtazama mama, akanivuta kando, akaniambia huyu hahamishiki tena. Akitingishwa njiani hatafika.

Yaani nilimtoa Arvid nyumbani kwa ajili ya jambo ambalo halikuwezekana tena.

Majirani walikuja kukamua bila kuitwa. Kwetu ndivyo ilivyo; taa ya banda isipowaka kwa wakati wake, mtu atakuja kutazama. Walikuja kwa zamu, wakakamua, wakaosha mashine, wakaondoka. Hakuna aliyebisha mlango wa jikoni.

Chakula nacho kililetwa. Nilikuwa nakikuta barazani: bakuli la viazi na nyama ya kusaga, bakuli la tambi, chapati za viazi zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Na hapo ndipo nilipopata kofi langu la kwanza.

Kwetu jirani akileta chakula, huandika jina lake kwenye kipande cha utepe, akakibandika chini ya bakuli. Ukimaliza unapindua, unajua pa kulirudisha. Unalirudisha, unaketishwa, unapewa kahawa, unaulizwa mgonjwa anaendeleaje. Nilipindua bakuli la kwanza. Hapakuwa na kitu. La pili, hivyo hivyo. Mabakuli matano, hakuna hata moja lenye jina.

Siku ya nne nilimsubiri barazani Lavonne Hegge, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anakuja kukaa na mama mchana. Nikamuuliza mabakuli ni ya nani na nani, niyarudishe.

"Usihangaike nayo, Marit. Tutayafuata wenyewe Arvid akirudi."

Akanipita, akaenda kumgeuza mama ubavu.

Mama alikuwa anauliza. Kwanza alimuuliza Lavonne, Lavonne akaniangalia mimi. Nikasema Arvid ameenda kuwinda, msimu umefunguliwa. Mama akafumba macho, nikadhani amelala.

"Arvid hapendi kuua kitu," akasema. "Hata paka wa banda humshinda."

Nikapiga simu ile jioni. Arvid alikuwa amepanga chumba juu ya duka la vyakula vya mifugo. Nilimwambia mama anamtaka, aje, mimi ndiye niliyemruhusu.

"Dada, kata simu."

"Arvid, nisikilize."

"Nakuomba, kata. Duane amenieleza. Wewe ukinipigia si kosa. Mimi nikikujibu ni kosa, na sasa hivi nakujibu."

Akakata yeye. Nilikuwa nimemchukulia nyumba kwa kiapo cha uongo, na yeye alikuwa anaiheshimu ile karatasi kuliko mimi niliyeiomba.

Jumatatu, siku ya sita ya amri, saa nane mchana, gari la Arvid lilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la Lavonne. Akashuka. Alivaa kofia ya rangi ya chungwa, ile ambayo kila mtu huivaa msimu huo ili wawindaji wasimdhanie mnyama. Hakusogea. Alisimama kwenye mabua ya mahindi, anatazama dirisha la mama.

Mimi na Lavonne tukakigeuza kitanda. Mama akamwona. Akanyanyua vidole vitatu tu kutoka kwenye blanketi. Sijui kama Arvid aliviona kutoka kule, lakini alivua kofia, akaishika kifuani. Baridi ilikuwa kali na kichwa chake hakina nywele.

Walitazamana hivyo robo saa nzima.

Ningewaacha. Mpaka leo nikikumbuka, najiambia ningewaacha tu.

Lakini mama alinong'ona kitu. Lavonne akainama, akanigeukia, akasema mama anauliza kwa nini haingii. Nikatoka barazani bila koti, nikampungia Arvid mkono, njoo. Akatikisa kichwa. Nikapunga tena. Nikapaza sauti kwamba mama anakuita, anakuita sasa, hujui kesho yake.

Arvid akatazama barabara huku na huku, kama tulivyofundishwa utotoni. Akavuka.

Sanduku la barua liko upande wetu. Alifika pale, akaweka mkono juu yake, akasita. Na pale pale gari la Duane likatokeza juu ya kilima. Hakuitwa na mtu. Alikuwa ananiletea mimi nakala ya hati inayosema kwamba Arvid alikabidhiwa amri kihalali.

Duane alishuka polepole. Sijawahi kuona mtu anayechukia kazi yake kama Duane siku ile.

"Arvid, ungebaki upande ule ningekupungia mkono nikapita."

Nikakimbia hadi barabarani. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwita.

"Najua. Nimekuona," akasema Duane. "Amri inamfunga yeye. Wewe haikufungi."

"Basi ifute. Naifuta."

"Mimi sifuti, Marit. Mimi nabeba tu. Na nikimwona ndani ya mpaka kwa macho yangu, sina hiari."

Arvid hakusema neno, maana mimi nilikuwa pale na hakuruhusiwa. Alitundika kofia yake kwenye sanduku la barua, akaweka mikono nyuma. Duane akairudisha mbele, akamfunga pingu, mkono mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika kichwa kisigonge mlango.

Ile kofia ninayo. Iko mezani ninapoandika haya. Ndani yake bado kuna alama ya jasho.

Niliporudi chumbani, Lavonne alikuwa amelipa mgongo dirisha, lakini mama hakuwa amefumba macho. Aliona yote. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kusema kwamba kulikuwa na kosa kidogo la karatasi, kwamba kesho litanyooshwa. Mama akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Marit, wewe unakaa wapi?"

Nikadhani akili imeanza kumhama. Nikamwambia niko hapa, mama, niko na wewe.

"Sijakuuliza uko wapi. Unakaa wapi?"

"Mjini, mama."

"Basi kawaambie."

Sijui nani alimweleza habari ya anwani. Nilimtazama Lavonne, akawa anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Jumanne asubuhi muuguzi alisema ni leo au kesho. Nilimwacha mama na Lavonne, nikaendesha gari hadi mahakamani, nikafika kabla mlango haujafunguliwa.

Nilimwambia Roxanne nataka kufuta amri. Akanitazama usoni, kisha shingoni, kisha mikononi.

"Nani amekutuma?"

Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu ananisubiri nje kwenye gari. Nikasema hakuna. Akaniomba nisubiri, akamwita dada mmoja mpole, mshauri wa wanaopigwa majumbani, naye akanipeleka chumba kidogo chenye boksi la karatasi za kufutia machozi. Yule dada aliniuliza kwa upole kama ndugu zangu wananitisha, kama majirani wamenisusa ili nibadilishe maneno. Akanipa kadi yenye namba ya simu, ndogo, ya kuficha ndani ya kiatu.

Nilipodanganya, hakuna aliyenikagua. Nilipokuja na ukweli, walinitafuta alama za kipigo.

Roxanne akanieleza mambo yalivyo. Nikitaka tu kuondoa ombi, wataliweka kwenye kikao kilichopangwa, ambacho bado siku saba. Na shitaka la Arvid la kuvunja amri lina njia yake, halifutiki kwa mimi kughairi.

"Na nikisema nilichoapa hakikuwa kweli?"

Akaacha kuandika. Akainama karibu na kioo.

"Mama, hilo usilisemee hapa dirishani. Katafute wakili kwanza. Kudanganya chini ya kiapo ni jinai. Watu wanafungwa."

Nikamwambia sina siku saba na sina wakili. Namtaka Bi. Hartwig.

Aliniingiza saa nne na dakika kumi. Mafaili yalikuwa tisa. Bi. Hartwig alinikumbuka, au alisoma jina. Akanitahadharisha kwamba si lazima niseme chochote cha kuniumiza mwenyewe. Nikasema nimeelewa. Nikanyanyua mkono wa kulia kwa mara ya pili ndani ya siku nane.

Nikaeleza. Birika lilienda kwenye sinki. Kahawa ilikuwa imepoa. Bunduki ni ya marehemu baba. Niliposema naogopa, nilikuwa na hasira, sikuwa na hofu. Na mlalamikiwa yuko mahabusu kwa sababu nilimpungia mkono.

Hakuandika hata neno moja. Alivaa miwani, akaivua.

"Bi. Marit, Jumanne iliyopita uliniapia vile. Leo unaniapia hivi. Mara moja kati ya hizo mbili umenidanganya. Kila wiki naletewa mwanamke aliyekuja kufuta, na wengine huwa ninasoma habari zao gazetini baadaye. Nipe sababu ya kuliamini la leo."

Nikafungua mdomo. Mlango ukafunguliwa kabla yangu. Roxanne aliingia kwa ncha za viatu, akaweka mezani kipande cha karatasi kilichokunjwa, akatoka bila kunitazama.

Bi. Hartwig alikisoma. Akakiweka chini, maandishi yakilalia meza, akakifunika kwa kiganja.

"Imetoka shambani," akasema. "Jirani amepiga simu."

"Mama yangu?"

"Nikikusomea sasa, lolote utakaloniambia baada ya hapo litakuwa limechelewa kuaminika. Nijibu kwanza, kisha utaichukua. Swali moja tu. Unakaa wapi?"

Nilikitazama kiganja chake juu ya ile karatasi. Mkono wangu ulikuwa bado juu, nilikuwa nimesahau kuushusha.

"Mjini," nikasema. "Mtaa wa Kinu, namba kumi na moja. Pale shambani sijaishi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Ile ni nyumba ya ndugu yangu."

Bi. Hartwig akavuta fomu mpya, akashika kalamu, akaanza kuandika. Kutoka nilipokuwa sikuweza kuona kama jina aliloanza nalo ni la Arvid, afunguliwe, au ni langu, nishitakiwe. Na kwa mkono wake mwingine, bila kuinua macho, akaisukuma ile karatasi ndogo kunielekea, ikiwa bado imelala kifudifudi.